Mhandisi Margareth Anselmi Hyera na Kaburi Lisilo na Saruji

Ndugu waombolezaji, tangu asubuhi nawasikia mkiulizana chinichini mbona kaburi la mhandisi mzima, tena mke wa mkandarasi, halina kokoto wala mfuko wa saruji pembeni. Familia haijashindwa. Nivumilieni, nitafika huko.

Dada yangu Margareth alizaliwa hapa Kisarawe tarehe 9 Agosti 1963, mtoto wa kwanza wa Mwalimu Anselmi Hyera, aliyehamishiwa huku kikazi kutoka Songea, na mama yetu Skolastika. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Siku moja mama alikuwa akimsifia jirani mkaa, kwamba jikoni kwake siku hizi hakuna moshi. Margareth alikuwa ametoka kuliona tanuru la Mzee Mwishehe, mchoma mkaa, likifuka porini, akadakia: "Moshi upo, mama. Tumemwachia Mzee Mwishehe." Alichapwa kwa kujibu mbele ya mgeni.

Alisoma shule ya msingi hapa, sekondari Songea kwa baba mkubwa, kisha uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 1988. Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa Kibaha na shemeji yetu Gregori Mwasomola, ambaye nusu ya nyumba za mtaani kwao kazijenga yeye.

Hadi alipostaafu mwaka 2023, marehemu alikuwa mtafiti wa nishati jijini Dar es Salaam. Kazi yenyewe, kwa sisi tusioijua, ilikuwa kupima umeme wa nchi unachafua hewa kiasi gani. Mwanzoni alihesabu moshi wa mitambo tu, na mwaka 1996 akaandika kwamba umeme wa maji hauna moshi kabisa. Akapongezwa sana. Mwaka uliofuata tulimzika baba, hapo mnapopaona. Vijana walipokuwa wakikoroga zege la kaburi, dada akashika kichwa. Mimi nikadhani ni uchungu wa baba. Kumbe amekumbuka kuta za zege za mabwawa ya umeme, na kwamba saruji nayo huchomwa kwenye tanuru kabla ya kufika kwetu, kama ule mkaa.

Matanga yalipoisha alikwenda moja kwa moja kwa wakubwa wake kuwaambia amekosea, na ripoti ile ya mwaka 1996 irudishwe. Walikasirika. Hakutikisika, wala hakuna aliyemtuma. Tangu hapo alihesabu kila kitu, kuanzia gesi inayovuja visimani na chuma kinachoyeyushwa, mpaka siku mtambo unang'olewa. Alipata tuzo, ndiyo, lakini mimi najivunia siku ile aliyojisahihisha mwenyewe.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Januari, akiwa kitandani Kibaha, aliomba azikwe kwa udongo mtupu. Shemeji alikataa. Alisema watu watamcheka, amewajengea wote isipokuwa mke wake. Dada akamshika mkono.

"Nyumba ulinijengea tukiwa hai, baba Atupele. Huko nipe udongo."

Shemeji alitoka nje. Suala hilo halikuzungumzwa tena, na Jumanne tarehe 4 Machi 2025, alfajiri, dada alifariki dunia mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Jana lori la saruji lilifika hapa, limeagizwa na shemeji mwenyewe. Akaenda mpaka kwa dereva, akasimama pale muda mrefu, kisha akamwambia ageuze. Akaomba jembe, akaanza kuchimba.

Marehemu ameacha mume, Gregori; watoto wawili, Atupele na Tumaini; mjukuu mmoja; na mimi mdogo wake, Tasiani, niliyechapwa pamoja naye mara nyingi kwa ubishi wake.

Vijana, najua mmezoea kukoroga zege hapa. Leo chukueni makoleo. Shemeji ataanza, nasi tumfuate. Udongo wa Kisarawe umpokee dada yetu kama alivyoomba, na Mungu ampe pumziko la amani.