Sauti Zote Mbili kwa Sikio Moja

Risala ya kikundi cha podikasti cha kisiwa cha Skarvøya kwa Meya wa manispaa, siku ya kurusha kipindi cha mia

Mgeni rasmi, Meya wetu Gudny Aasvær, umepanda feri na upepo huu na hukurudi njiani. Kwa hilo peke yake tumeshakupigia makofi. Kahawa ipo, lefse za mwenzetu Torfinna, zile chapati za viazi, zipo, na siagi hatukuibania. Sisi wanakikundi kumi na mmoja tuna furaha ya watoto wiki nzima. Kipindi cha mia! Mia, Mheshimiwa, kutoka banda la kutilia chambo!

Tulikotoka

Tulianza miaka mitatu iliyopita. Wakubwa walikuwa wamefunga shule, na wakubwa haohao wakaondoa boti ya posta. Tukasema, kama hakuna wa kutusemesha, tusemezane wenyewe. Torfinna Nesvik, mwalimu aliyebaki bila shule, alileta maikrofoni mbili. Tukatundika mablanketi ya sufu ukutani ili sauti isirukeruke.

Mpangilio wa faili hatukuujua. Tuliuacha kama mashine ilivyotoka dukani, njia mbili: muulizaji anasikika sikio la kulia, anayejibu la kushoto. Tukajiona mabingwa. Kisha mwenzetu Arnljot Myrvang, anayekusomea risala hii, akasikiliza kipindi cha kwanza. Arnljot alikuwa fundi wa mashine za meli, na sikio lake la kushoto lilifia hukohuko kwenye injini. Akampigia Torfinna simu.

"Torfinna, mbona unauliza hujibiwi? Umemhoji nani, manispaa?"

"Acha utani wako. Mzee Eivind kaongea nusu saa nzima!"

"Basi kaongea na ukuta. Mimi nimesikia maswali matupu."

Tulicheka, halafu tukaacha kucheka. Tulizunguka nyumba kwa nyumba hadi makao ya wazee, tukapata watu kumi na tisa wenye sikio moja tu linalofanya kazi. Hiki ni kisiwa cha watu wa injini na winchi za kuvutia nyavu, na kelele zake hula masikio.

Tunachojivunia

Sasa tunatoa faili ya njia moja. Sauti zote mbili zimechanganywa, kila sikio linapata kila neno. Tunaibana kwa kilobiti sitini na nne kwa sekunde, na kwa maneno ya watu hiyo inatosha kabisa. Sisi hatupigi muziki wa kanisa kuu. Nusu saa inakuwa megabaiti kumi na nne. Sauti tunazisawazisha, maana Eivind hunong'ona na Torfinna hucheka kama king'ora. Na ile rekodi ya asili, isiyobanwa, hatuifuti ng'o. Nakala moja iko hapa, nyingine iko kanisani.

Mvuvi wetu Jostein alituandikia akiwa baharini, kule mtandao unakonyong'onyea: "Kipindi kimeshuka chote kabla kahawa haijachemka. Tumecheka mpaka kamba imetuponyoka." Mheshimiwa, barua hiyo tumeitia kwenye fremu!

Yanayotukwaza

Mwezi uliopita likaja agizo kutoka ofisi yako ya habari. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi huu wa Mei kila kipindi kiwe cha njia mbili, kila msemaji na upande wake, kilobiti mia tatu na ishirini. Asiyefuata anaondolewa kwenye ukurasa wa manispaa, na wazee wa makaoni wanasikilizia hapo tu. Aliyeliandika hatumjui, maagizo yenu huwa hayana baba. Arnljot alipiga simu.

"Mzee, siku hizi dunia nzima inasikiliza njia mbili," kijana wa ofisini akamwambia.

"Dunia nzima haikukaa chumba cha mashine miaka thelathini na moja, kijana."

"Ni suala la ubora tu, mzee."

Ubora gani huo? Nusu saa ileile inafika megabaiti sabini na mbili, Jostein haipati, na wale watu kumi na tisa wanapata nusu ya mazungumzo.

Na kipindi cha leo, Mheshimiwa, ni mahojiano ya marehemu Alfhild, mke wa Arnljot. Alirekodiwa kwenye meza hii wiki tatu kabla hajatutoka. Arnljot hajayasikia bado. Alisema atasubiri siku ya kurushwa. Kwa agizo lenu, atamsikia Torfinna akiuliza, "Alfhild, huyu mkorofi ulimpendea nini?" Kisha kimya. Jibu litakuwa upande wa sikio lililokufa.

Ombi letu

Hatuombi jengo wala mashine. Tunaomba ulifute agizo hilo leo, hapa, kwa kalamu yako, na ofisi yako ijifunze kuuliza wasikilizaji kabla ya kuamua wasikieje.

Faili iko tayari kwenye kompyuta iliyo mbele yako, ya njia moja. Saa sita kamili itarushwa, agizo liwe limefutwa au halijafutwa. Tunachotamani ni kwamba kidole kitakachobonyeza kiwe chako.

Mungu akulinde kwenye maji ya kurudi, Mheshimiwa, na masikio yako yote mawili yadumu.

Ni sisi,
Kikundi cha Sauti za Skarvøya