Bertila Kokugonza, Aliyesomea Kupumua

Bertila Kokugonza, ambaye leo Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2025, tumemleta kumlaza hapa Pearland, alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Rutabo, Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Wilbroad Kamugisha, mkulima wa kahawa na mwalimu wa kwaya, aliyefariki mwaka 2019, na Mama Adelina, tuliye naye hapa. Waliomfuata ni Joyceline, ambaye familia imemwomba asome maneno haya, na Respicius, aliyeko Bukoba. Wanaomkumbuka utotoni wanasema kwenye kwaya ya baba yake alikuwa na tabia moja: wenzake wakishafunga wimbo, yeye aliendelea kuivuta sauti ya mwisho peke yake. Mzee Wilbroad aligeuka akamkazia macho, lakini hakuwahi kumkataza.

Alisoma shule ya msingi Rutabo, kisha sekondari ya wasichana mjini Bukoba, akamaliza kidato cha sita mwaka 2006. Agosti 2008 alikuja Texas, akafikia kwa shangazi yake kwenye nyumba za kupanga za Lewisville. Nia yake ilikuwa uuguzi. Siku ya kujiandikisha chuoni akaambiwa nafasi za uuguzi zimejaa, na mama wa dirishani, alipoona binti hataki kuondoka, akamwuliza kama angependa tiba ya upumuaji. Bertila hakujua ni kitu gani. Akasema ndiyo. Jioni alipiga simu nyumbani kuwapa habari, na Mzee Wilbroad akauliza, "Kokugonza, kwani kupumua nako kunasomewa?"

"Kunasomewa, Tata. Tena kuna mtihani."

Mzee akacheka mpaka simu ikakatika. Tangu hapo, kila alipoulizwa habari za bintiye, alijibu kwamba yuko Marekani anajifunza kuvuta pumzi, na akifaulu atakuja kutufundisha.

Alifaulu. Alihitimu stashahada yake Mei 2011, akaajiriwa kwenye hospitali moja ya Fort Worth, na huko akajiendeleza hadi shahada ya kwanza mwaka 2016. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia watu ambao pumzi imewakataa: watoto wa pumu, wazee, waliolazwa kwenye mashine ya kupumulia. Wakati wa korona alikuwa akirudi nyumbani na alama za barakoa usoni kama mtu aliyepigwa, anakaa ndani ya gari kwanza, ndipo anaingia. Hakusimulia aliyoyaona.

Habari moja tu alipenda kuisimulia. Mwaka 2018 aliletwa mzee wa Kikongo kutoka Haltom City, Mzee Tharcisse, ambaye mapafu yake yalikuwa yamejaa maji. Kila walipomvika barakoa ya kumsukumia hewa, aliing'oa na kupigana nao. Mkalimani wa kwenye simu alizungumza Kiswahili cha kitabuni, mzee hakumwelewa. Walikuwa wanajiandaa kumfunga mzee mikono, ndipo Bertila akaingia.

"Mama, hii kintu iko nanikata roho," mzee akamwambia. "Banataka kuniua?"

"Hakuna wa kukuua, Papa. Hii inakusukumia hewa. Usishindane nayo. Ikisukuma, vuta nayo. Mimi nakaa hapa."

Akavuta kiti, akamshika mkono, wakapumua pamoja mpaka mzee akatulia. Mzee Tharcisse aliishi, na mkwe wake, Josiane, akawa rafiki wa Bertila. Ni Josiane aliyemweleza jinsi wazee wengi wa Haltom City wanavyorudishwa nyumbani na mitungi ya oksijeni wasiyoelewa, wanaifungua kwa kubahatisha kwa aibu ya kumwuliza mtu, au hawaifungui kabisa. Bertila hakuweza kuliacha jambo hilo. Akaamua kusomea shahada ya uzamili ya tiba ya upumuaji, ili atengeneze mafunzo ya sauti kwa familia hizo, kwa Kiswahili kama wanavyokisema wenyewe, cha Bukavu kwa watu wa Bukavu na cha Mwanza kwa watu wa Mwanza.

Tarehe 6 Oktoba 2012 alifunga ndoa na Isack Lyatuu wa Machame, fundi wa mitambo ya viyoyozi, kwenye parokia yao ya Lewisville. Walikutana msibani, jikoni, Isack akiosha masufuria na kujigamba kwamba Wachaga ndio wanaojua ndizi. Bertila alimwonjesha za Kihaya, na ubishi huo haukuwahi kuisha. Tarehe 2 Julai 2014 walimpata binti yao wa pekee, Ndeshi. Nyumba yao ilikuwa ya Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande mwingine. Mama aliuliza kwa Kiswahili, mtoto akajibu kwa Kiingereza, na wote wawili hawakuona ajabu.

Masomo ya uzamili aliyaanza Agosti 2022, Houston. Isack na Ndeshi walibaki Lewisville, yeye akahamia kwa mdogo wake Joyceline hapa Pearland, akifanya kazi katika hospitali mojawapo ya mjini na kusoma, na mwisho wa wiki akiendesha gari kuwafuata mumewe na mtoto. Ilikuwa katika safari hiyo, Februari 2023, mchana kweupe, alipoingia kituo cha mafuta Huntsville kununua maji. Kutoka kwenye gari hadi mlangoni alisimama njiani mara mbili. Kikohozi kikavu alikuwa nacho tangu Krismasi, akakiita cha vumbi la Houston. Akarudi garini, akachukua kifaa chake cha kusikilizia kifua, akakiweka mgongoni kwa taabu, chini ya mbavu, akavuta pumzi.

Alichosikia alikuwa amekisikia kwa wagonjwa wengi: mchakacho mwembamba, kama kibandiko cha kiatu cha mtoto kinapobanduliwa. Ni sauti ya mapafu yanayogeuka kuwa makovu. Alijua ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya, na alijua unavyokwenda. Alimwambia Joyceline baadaye kwamba alikaa pale akiisikiliza tena na tena, akiomba awe amesikia vibaya. Kisha akawasha gari, akaenda Lewisville, akapika, akamsuka Ndeshi nywele, na hakusema neno.

Madaktari walithibitisha Mei mwaka huo. Isack aliacha kazi yake, akamleta mtoto, wote wakahamia Pearland. Alimsihi aache na masomo.

"Kwa nini usipumzike, mama Ndeshi? Shahada ya nini sasa?"

"Nikiacha nitakuwa mgonjwa tu," akamjibu. "Niache niwe mwanafunzi anayeumwa."

Basi akawa hivyo. Alihudhuria darasani na mrija wa oksijeni puani, akisoma juu ya ugonjwa uliokuwa ndani yake, akijibu mitihani iliyouliza wagonjwa kama yeye huishi kwa muda gani. Wiki nyingine alirekodi mafunzo yake sebuleni, sentensi moja moja, kwa sababu pumzi haikutosha mbili. Josiane alikuja kutoka Haltom City kumrekebishia Kiswahili chake cha Kongo, wakacheka, na kucheka kukamletea kikohozi kilichomwangusha magotini. Alipoweza kusema tena, alisema, "Turudie pale tulipoishia."

Machi 2025 aliingizwa kwenye orodha ya wanaosubiri kupandikizwa mapafu. Agosti simu ikaja: yamepatikana. Walikimbilia hospitali, akaogeshwa, akavalishwa, Isack akapiga simu Kamachumu, na Mama Adelina akawakusanya majirani wakaanza rozari. Bertila alikuwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu, mlangoni mwa chumba cha upasuaji, daktari alipotoka na kumwambia mapafu yale yamekaguliwa na hayafai. Akasema, "Asante, daktari." Wakamrudisha. Ndani ya gari alilia kwa namna ambayo Isack hakuwahi kuisikia, kilio kisicho na sauti, kwa kuwa sauti inahitaji hewa. Kule nyumbani rozari ilikuwa bado inaendelea. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kupiga simu kuisimamisha.

Mama yetu aliomba viza mara mbili akanyimwa. Aliomba tena mwezi Septemba.

Oktoba hali ikawa mbaya. Bertila alilazwa, na daktari akamweleza alichokijua: bila mashine ya kupumulia hatamaliza wiki, akiwekwa kwenye mashine, huenda mapafu yakapatikana, huenda asitoke tena. Alikuwa amewaeleza watu wengi maneno hayohayo, akiwa amesimama upande wa pili wa kitanda.

Isack akapiga magoti. "Kubali, mama Ndeshi. Nakuomba."

"Baba Ndeshi, mimi naijua mashine ile."

"Unaijua, ndiyo. Lakini sisi hatujui kuishi bila wewe."

Bertila akasema atakubali, kwa sababu ya Ndeshi, na kwa sababu mama yake amepata viza na yuko njiani. Lakini akamshika Isack mkono wa shati. "Wakisema hakuna tena mapafu ya kungoja, mtanitoa. Msiniache humo. Niahidi." Isack akaahidi. Akaagiza pia azikwe Texas, mahali ambapo mtoto wake anaweza kufika. Halafu akamwita Ndeshi, wakafunga mlango. Waliyozungumza ni yao.

Zamu ile aliyekuja na mashine alikuwa Cherotich, binti wa Kericho aliyefundishwa kazi na Bertila mwenyewe hapa Houston. Daktari ndiye angeingiza mrija, yeye angeunganisha mashine.

"Madam, mimi siwezi. Wacha niite mtu mwingine."

"Cherotich, futa machozi kwanza," Bertila akamwambia, neno moja moja. "Ukilia, huoni. Nataka wewe."

Cherotich akafuta machozi, akafanya kazi yake vizuri. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho ya dada yetu.

Mama Adelina alitua Houston tarehe 27 Oktoba, akakuta mwanawe amelazwa usingizi wa dawa. Madaktari wakaupunguza usingizi ili waonane. Bertila alifumbua macho. Mama akamwita kwa majina yake yote, akamsemesha Kihaya, akamweleza habari za kila mtu nyumbani, waliozaa na waliohama. Chozi likamtoka Bertila pembeni mwa jicho.

"Ananisikia?" Mama akauliza.

Joyceline ni muuguzi. Angeweza kusema ndiyo. Akasema, "Sijui, Mama."

Siku zilizofuata figo zilishindwa, kisha ini, na jina la Bertila likaondolewa kwenye orodha. Isack alikataa kusikia. Alizunguka kwenye korido akiwauliza madaktari, wauguzi, hata wafagizi, kama hakuna hospitali nyingine, kama mtu aliye hai hawezi kutoa pafu lake moja, achukuliwe yeye. Walimjibu kwa upole, kila mmoja kwa zamu yake. Alisema aliahidi kwa sababu alijua haitafika huko. Mwishowe Mama Adelina, ambaye hakuielewa lugha ya madaktari na hakuwa amewauliza lolote, akamkalisha chini.

"Mwanangu alikuambia nini?"

Isack akamweleza.

"Basi mfanyie alivyosema," Mama akamwambia. "Mimi niliyemzaa niko hapa. Usiogope kwamba utalaumiwa."

Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, saa tisa alasiri, mashine iliondolewa. Cherotich aliomba awe yeye, na kabla ya yote alizima kengele zake ili zisilie. Ndeshi alipanda kitandani akalala ubavuni mwa mama yake na kumwimbia kwa Kiswahili. Hatukujua kwamba nyimbo zile anazijua. Bertila alipumua peke yake kwa muda mfupi, akaacha.

Shahada yake hakuipata. Tungependa kusema aliimaliza, lakini alikuwa bado hajaitetea tasnifu yake, na chuo kilikuwa kimempangia kufanya hivyo tarehe 10 Novemba. Mafunzo ya sauti yamekamilika kwa Kiswahili cha Tanzania. Ya Kiswahili cha Kongo yalibaki nusu.

Ukoo ulitaka arudishwe Kamachumu, akalale karibu na baba yake. Palikuwa na maneno makali, na tunaomba yaishie leo. Anazikwa alipotaka azikwe.

Bertila ameacha mama, Adelina. Mume, Isack Lyatuu. Na binti, Ndeshi, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja. Ameacha wadogo zake, Joyceline na Respicius, shangazi, wakwe wa Machame, wajomba na wapwa walioko Kagera, na ndugu na marafiki wa Lewisville, Haltom City na Houston. Mama yetu ameagiza jina la Cherotich lisomwe hapa pamoja na ya watoto aliowazaa yeye, nasi tunalisoma. Ni mara ya kwanza kwa Mama Adelina kuiona nchi hii. Viza yake inakwisha tarehe 30 mwezi huu, na baada ya hapo kaburi hili litakuwa mbali naye. Tunawaomba mnaoishi karibu mlipitie mara mojamoja, mlipalilie, mmwambie kwamba mmelipalilia.

Mungu akupokee, Bertila, akulaze palipo na amani.