Aliyehesabu Kurasa Kila Asubuhi

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kampuni yetu ya matengenezo ya lifti, Mama Hakikisha atarudisha funguo za masjala na kwenda nyumbani kwake. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, fundi wa kompyuta, niandike wasifu wake. Nadhani kamati haikujua inamwomba nani. Au ilijua, na yeye mwenyewe ndiye aliyenichagua. Kwa mama huyu huwezi kuwa na hakika.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Mwaka wa pili akahamishiwa masjala, chumba kile cha chini kisicho na dirisha, chenye rafu za chuma mpaka darini. Kila lifti tunayoitunza ina jalada lake. Alichokikuta ni majalada yanayotoka yamenona na kurudi yamekonda, na kila mtu akiapa kwamba si yeye. Akanunua daftari. Kila asubuhi kabla ya chai alihesabu kurasa za kila jalada lililotoka jana yake, akaandika idadi, na ukurasa ukipungua alikufuata mezani kwako mpaka uutoe kwenye droo. Watu walimkimbia kwa miaka. Mumewe, fundi cherehani, husema hata chumvi akiipeleka nyumbani huonjwa kwanza.

Miaka sita iliyopita nikaleta mfumo wa kazi wa pamoja, ule tunaouita Ukumbi. Majalada yote yakaingia humo, pamoja na ujumbe, kalenda na vile vidole gumba vya kukubali. Nilijivunia sana. Mama Hakikisha aliutazama Ukumbi kama mtu anayetazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Ukimtumia ujumbe, hakujibu. Alipanda ngazi, akasimama mbele yako na kuuliza kama ni wewe kweli uliyeandika. Siku Ukumbi ulipomtumia salamu za kuzaliwa kwa jina la mkurugenzi, alikwenda ofisini kwa mkurugenzi kushukuru. Mkurugenzi hakujua habari yoyote. Mama akarudi masjala ameridhika kabisa, maana sasa alikuwa na ushahidi.

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na ndiyo maana yanayofuata yananichoma.

Mwanzoni mwa mwaka huu tulinyang'anywa wateja wawili na washindani wetu, kwa mapendekezo yaliyofanana na yetu mpaka mpangilio wa aya. Uongozi uliingiwa na wasiwasi kuwa kuna mtu wa ndani anayetoa siri. Nikaagizwa nichunguze. Ukumbi huandika kila anayefungua kitu na saa aliyofungua, basi nikakaa nayo orodha hiyo siku mbili. Jina moja lilijirudia. Kila siku ya kazi, kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, akaunti ya masjala ilifungua majalada yote mia mbili na kumi na mawili, moja baada ya jingine, bila kuandika hata neno.

Nikasema nimempata. Nani mwingine hufungua vitu vyote na hafanyi kitu? Nilianza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Daftari lake nililiona ushahidi, mkoba wake nikauona mkubwa kupita kiasi, hata salamu zake nikazipima. Alhamisi moja niliandika ripoti ya kurasa nne na kuihifadhi kwenye Ukumbi, tayari kwa kikao cha uongozi cha Jumatano iliyofuata. Nilianza na methali, kikulacho ki nguoni mwako. Nilipendekeza afukuzwe. Alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu, na nilijua vizuri kwamba miaka yote ile ingeishia kwenye barua ya aibu. Jumatatu mchana nikaifunga akaunti yake, kimya kimya.

Jumanne asubuhi alikuja mezani kwangu na daftari kwapani. "Mwanangu, mlango wa majalada umefungwa," alisema. "Ni wewe uliyeufunga?" Nikamwambia ni mtandao tu unasumbua, azime kompyuta na kuiwasha. Akasema haya, akaondoka. Sikuweza kunywa chai yangu.

Haikupita nusu saa, fundi mkuu wa lifti akateremka masjala. Ana mazoea yake huyu bwana: hatoki kwenda kazini kabla ya kumuuliza Mama idadi ya kurasa, hata kama jalada analo kwenye simu. Siku hiyo alikuwa anakwenda hospitali ya wazazi. Mama akafungua daftari na kumwambia kurasa tisa, hesabu ya Jumatatu asubuhi. Kwenye simu fundi aliona nane. Wakampigia mwenzake aliyekagua lifti hiyo wiki iliyopita. Ukurasa uliokosekana ulisema mtu yeyote asipande juu ya chumba cha lifti ile mpaka breki ibadilishwe. Fundi mkuu alikuwa anakwenda kupanda juu ya chumba hicho.

Waliponiita, nilikaa kwenye kiti cha masjala nikatafuta ukurasa ulikokwenda, na nilichokipata kilikuwa changu. Nilipousimika Ukumbi miaka sita iliyopita nilichagua mpangilio mbovu: watu wawili wakifungua jalada moja, anayehifadhi mwisho hufuta kazi ya mwenzake, wala hakuna anayeambiwa. Jumatatu jioni karani wa mauzo, aliyekuwa ameliacha jalada wazi kwenye kompyuta yake tangu kabla ya ukaguzi, alirekebisha anwani ya hospitali na kuhifadhi, na ukurasa wa tisa ukaenda. Imekuwa ikitokea mara kwa mara kwa miaka sita. Hatukujua kwa sababu kila asubuhi mtu mmoja alikuwa anahesabu, kisha anapanda ngazi kumtafuta mwenye ukurasa aurudishe. Alifungua yote kwa kuwa ndani ya Ukumbi huwezi kuona nani ametoka na jalada mlangoni. Aliwahi kuniambia kwamba kurasa zinapotea, mara mbili. Mara zote nilimjibu azime na kuwasha.

Mpangilio umebadilishwa. Siri zetu, tulikuja kuambiwa, walizitoa wateja wenyewe, waliowaonyesha washindani makabrasha yetu ili wapate nafuu. Ripoti yangu niliifuta kabla ya kikao, akaunti nikaifungua, nikajiambia hakuna aliyejua. Miezi mitatu nimemsalimia Mama Hakikisha nikidhani nimepona.

Wiki iliyopita alinikabidhi madaftari yake, kumi na manne, yaliyofungwa kwa kamba ya cherehani. Niliyafunua moja moja. Katika la mwisho, Ijumaa ile iliyofuata Alhamisi niliyoandika, chini ya lifti ya soko na juu ya lifti ya benki, kuna mstari kwa mwandiko wake uleule ulionyooka: "Ripoti ya uchunguzi kuhusu mtunza majalada. Kurasa nne. Zote zipo."

Nilikuwa nimesahau kuifungia ripoti ile isisomwe na wengine. Akaunti ya masjala ina uwezo wa kufuta chochote, na kama angeifuta, mimi ningedhani ni uzembe wangu. Aliisoma, akaihesabu, akaiacha mahali pake, akaendelea na lifti ya benki.

Mama, samahani. Nayaandika haya mbele ya wafanyakazi wote kwa sababu ningeyasema faraghani ungenisamehe haraka mno. Kwa niaba ya mafundi wote wanaorudi majumbani mwao jioni wakiwa wazima, ahsante. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na wajukuu wasiokuficha kitu.