Historia ya Baba Yetu, Pamoja na Ukurasa wa Tatu

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, walimu na wanafunzi wa marehemu, mimi ni binti yake wa kwanza, na mliokuwa mnamtarajia baba mdogo hapa mbele mtatuwia radhi, alikuwa ameshavaa na miwani ipo mfukoni, lakini asubuhi hii ametuambia kwamba atasoma ukurasa wa kwanza, wa pili na wa nne, wa tatu hausomi, nami niliagizwa na mwenye historia kwamba isomwe yote au isisomwe kabisa. Mama nilipomuuliza alinijibu kwa kifupi, "Soma, mwanangu, mimi nimeishi nayo miaka arobaini na mmoja." Basi nasoma, mnivumilie nikikwama.

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965 na sekondari kuanzia 1966 hadi 1969, na shangazi anasema tangu utotoni alikuwa akimsahihisha baba yake vipimo vya suruali za wateja, mara nyingi akawa sahihi, na hilo ndilo lililokuwa likimponza.

Tarehe 3 Februari 1971 alijiunga na jeshi la majini, mwaka 1974 akawa afisa, mwaka 1977 akapandishwa cheo kuwa Luteni, akisifika kwa hesabu za safari na kwa mwandiko mzuri katika daftari la meli. Tarehe 8 Julai 1978 alifunga ndoa na Mama, wakati huo muuguzi katika zahanati ya bandarini, ambaye alimkataa mara mbili kwa sababu siku walipofahamiana, badala ya kumsalimia, alimwelekeza namna ya kufunga bandeji.

Hapo ndipo unapoanzia ukurasa wa tatu. Aliuandika mwenyewe hospitalini, tarehe 9 Oktoba mwaka huu, nami nausoma kama nilivyoukuta.

"Tarehe 21 Septemba 1979, saa tisa na dakika kumi alasiri, jua likiwa wazi na bahari imetulia, nilikuwa afisa wa zamu kwenye meli ya doria iliyokuwa ikiingia bandarini, tukiwa wawili tu katika chumba cha usukani, nikalifananisha boya moja na jingine, na kijana aliyeshika usukani akaniambia, 'Afande, boya hilo silo, huko kuna mwamba,' nami nikamjibu, 'Wewe shika usukani, kufikiri niachie mimi,' nikamwamuru akate kushoto, akakata kushoto, na baada ya dakika nne meli ikapanda mwamba na fundi mmoja wa mitambo akapoteza mkono. Jioni ile kamanda wa meli aliniita chumbani kwake, akafunga mlango, akasema afisa anafundishwa kwa miaka lakini mshika usukani anapatikana kesho, akanisogezea daftari na kalamu, nami nikaandika kwamba niliamuru kulia na kijana akakata kushoto. Nikatia sahihi. Mwandiko ulikuwa mzuri kama kawaida.

"Yeye aliwekwa mahabusu siku ishirini na sita, akafukuzwa kazi, wakwe zake watarajiwa wakavunja uchumba, na mimi nilihamishiwa chuo cha mabaharia kufundisha, nikapewa cheo kingine juu. Tarehe 2 Mei 1981 nilikuwa nawaeleza makuruta kwamba daftari la meli halifutwi, ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, kosa libaki linasomeka, unatia sahihi pembeni, na hapo nikaiweka chaki mezani, nikatoka darasani, nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa chuo, nikasema yote. Nilifukuzwa tarehe 30 Juni 1981, na ilikuwa haki yangu.

"Kijana yule aliandikiwa barua ya kusafishwa jina na kuitwa kazini, akajibu kwa mstari mmoja kwamba bahari ameshaiona, lakini barua ile ilibaki kwenye faili, na mtaani hakuna anayesoma faili. Ndiye huyu mnayemwita Mzee Kushoto, fundi baiskeli wa nyuma ya soko, na jina hilo mlilomzoea nalo limetokana na uongo wangu, na mimi mwenyewe nimewahi kumwita hivyo mbele ya watu, nikicheka pamoja nao. Mwaka 1984 nilimfuata karakana kumwomba msamaha, akanisikiliza huku anaziba pancha, akasema, 'Mwalimu, kuniambia mimi ni kazi bure, mimi nilikuwepo. Waambie ambao hawakuwepo.' Nimeshindwa kwa miaka thelathini na minane."

Mwisho wa ukurasa wa tatu. Katika historia iliyochapwa na ukoo, mahali hapo paliandikwa kwamba alistaafu kwa hiari ili atimize ndoto yake ya ualimu, Baba akaletewa aipitie, akapiga mstari mmoja juu ya maneno hayo na kutia sahihi pembeni. Wazee wangu, najua mlitaka kumsitiri, na najua leo nimewaudhi, ila wanasema lisemwalo lipo, na hili la mshika usukani kukosea limesemwa miaka arobaini na mitatu na halikuwepo.

Kuanzia Agosti 1981 hadi Juni 1983 alisoma chuo cha ualimu, na tarehe 11 Julai 1983 alianza kufundisha hesabu katika sekondari ya hapa mtaani, ambako ufutio ulikuwa marufuku darasani kwake, akafundisha hadi alipostaafu, safari hii kweli, tarehe 14 Machi 2011. Siku ya kumuaga alisimama, akatoa karatasi mfukoni, akatuangalia, kisha akawashukuru wapishi na kukaa chini. Sisi tulicheka, tukidhani mwalimu amesahau hotuba.

Alijaliwa watoto wanne, mimi wa mwaka 1980 na wadogo zangu wa 1983, 1986 na 1990, na wajukuu saba, na Mama akiwa zamu yeye ndiye aliyetupigia pasi sare na kutusuka nywele, akipima njia kwa rula, shuleni wakituuliza msusi wetu ni nani. Nilimpenda sana. Tangu nisome ukurasa ule nimemkasirikia pia, na sitadanganya mbele ya jeneza lake.

Mficha maradhi kilio humfichua, alituficha uvimbe wa miguu miezi sita, hadi Februari 2019 alipogundulika ana maradhi ya figo, akatibiwa miaka mitatu na miezi kadhaa, akafariki tarehe 6 Novemba 2022, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliotuletea viti na maji kabla hatujaomba, walimu wenzake, na wenzake wa jeshini waliofika leo, mmoja wao akiwa na mkono mmoja.

Limebaki agizo la mwisho. Baba ameandika kwamba jeneza libebwe na watu sita, watano wametajwa, na nafasi ya sita, ya mbele, asishike ndugu yeyote, aulizwe fundi baiskeli, asibembelezwe, na akikataa wabebe watano. Mzee wangu, nimekuona umekaa mstari wa tatu na wanao watatu, wote aliwafundisha Baba, na naona wanakuangalia wewe, hawaniangalii mimi. Ulikuja kuzika jirani, hukujua utasomewa haya, na ukiinuka ukaenda zako nyumbani hakuna atakayekusema katika nyumba hii. Nakuuliza mbele ya wote ambao hawakuwepo.

Baba, pumzika kwa amani, jibu analo yeye.