Mwalimu Yasmin Abdulmajid na Kadi ya Bweni

Asalaam alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu waombolezaji, habari za utoto wa marehemu tulisimuliwa kwanza na mama yake mzazi, Bibi Pili binti Salehe, mwezi Agosti 1997, na zilizobaki familia imezikusanya kwa waliozishuhudia.

Mwalimu Yasmin Abdulmajid alizaliwa hapa Matombo tarehe 14 Machi 1956, mtoto pekee wa Bibi Pili na Mzee Abdulmajid Osman, fundi wa injini za malori mjini Morogoro, ambaye wazazi wake walitoka India. Kwa desturi yetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, hivyo alilelewa hapa kwa wajomba zake, akapewa shamba la migomba kama binti mwingine yeyote wa ukoo.

Alisoma shule ya msingi hapa kuanzia 1964 hadi 1970, sekondari Morogoro mjini hadi 1974, kisha ualimu 1975 na 1976, akaajiriwa Kisaki mwaka 1977, akahamia Mikese 1985, na kurudi Matombo 1994, alikofundisha Kiswahili hadi alipostaafu mwezi Machi 2016. Kila kituo alichofika alichaguliwa mweka hazina wa kamati kabla hajaulizwa, watu wakisema Mhindi huzaliwa na hesabu, na kila mara alikataa, akieleza kwamba mtihani wa hisabati wa kidato cha nne alianguka.

Tarehe 9 Juni 1979 alifunga ndoa na Bwana Said Mkude, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2009, wakajaliwa watoto watatu, Shamsia, Salehe na Raya.

Mwezi Mei 2017, kamati ya ujenzi wa bweni la wasichana la sekondari ya kata, ambayo marehemu alikuwa mjumbe wake, ililetewa na mjumbe wake mmoja mchoraji kadi za mchango zilizokwisha kuchapwa, zenye picha ya Mhindi mwenye kitambi amekalia gunia la hela, na binti wa shule amempigia magoti akishika bakuli. Marehemu alipoomba ziondolewe, mwenyekiti, Mzee Raphael Kobelo, mdogo wake Bibi Pili kwa mama, alisema, "Huo utani tu, Mwalimu, Wahindi wa mjini wakiiona watacheka, na anayecheka hutoa." Mama mmoja akaongeza, "Halafu wewe haikuhusu, wewe wa kwetu bwana." Marehemu alijibu bila kuinuka, "Mjomba, baba yangu alikufa na grisi kwenye kucha. Kama mimi ni wa kwenu, basi huyu mliyemchora ni shemeji yako, na huyo aliyepigishwa magoti ni mwanafunzi wangu."

Kadi ziliondolewa kwa kura, zikachapwa nyingine zenye picha ya wazazi wakifyatua matofali, lakini harambee iliahirishwa, wachangiaji wakapungua, na bweni likafunguliwa Januari 2019, mwaka mzima nyuma ya mpango. Familia haifichi kwamba wapo waliomlaumu mpaka mwisho, wala kwamba mjukuu wake mwenyewe, Asia, alikuwa kati ya wasichana walioshuka na kupanda mlima kwa miguu mwaka huo wote. Marehemu hakuomba radhi, wala hakupenda kusifiwa kwa jambo hilo.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na kisukari, figo zikadhoofika, akalazwa hospitali mjini Morogoro tarehe 30 Januari 2025, ambako alifariki alfajiri ya tarehe 11 Februari, akiwa na umri wa miaka 68, ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake wa Kisaki, Mikese na Matombo, na majirani waliopika na kulala nasi, Waislamu kwa Wakatoliki.

Kati ya wajumbe wa kamati ile, mchoraji wa kadi, Bwana Yohana, alifariki 2021, na yule mama, Bibi Scholastika, mwaka jana. Mzee Raphael yu hai, na yupo nasi. Jana aliiambia familia kwamba juu ya kadi bado hajakubaliana na marehemu, kisha akaomba jina lake lisisomwe kama mwenyekiti tu, bali pia kama mjomba aliyekuja kumzika mpwa wake, nasi tumelisoma hivyo.

Mwalimu, pumzika salama katika ardhi ya ukoo wako.