Mko Wangapi Nyumbani?

Ndugu zangu, habari za mchana. Mnisamehe nikiongea huku nimeshika mgongo wa hiki kiti. Si madoido. Nikisimama mbele ya watu wazima bila kushika kitu, miguu bado inanicheza, na leo nataka nifike mwisho kabla haijanishinda. Majina sitataja. Baadhi ya hao nitakaowasema ni majirani wa watu walioketi humu, na mmoja yuko hapa hapa ndani. Akitaka, atajisema mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Naishi hapa Kawangware, nyuma ya soko la 56, lakini shule yangu iko Kibera, upande wa Sarang'ombe. Ni shule ya mabati, ya jumuiya, na wazazi ndio wanaoisimamisha. Kila asubuhi natembea kwenda huko, jioni natembea kurudi. Wakati wa haya ninayosimulia mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na shuleni aliyejua ni mwalimu mkuu peke yake. Nilivaa pete yangu nikawaacha watu wadhani wanavyodhani. Sikutaka kuonewa huruma na darasa la saba.

Sasa, darasa la saba kuna mada ya takwimu. Kitabu tulichokuwa nacho kilitoa mfano wa mkulima na ng'ombe wake wa maziwa: huyu katoa lita hizi, yule katoa lita zile, tafuta wastani. Watoto wangu walizikariri hizo lita za ng'ombe wasiowahi kuwaona, na mtihani ukija wanachanganya kila kitu. Nikawaza, kwa nini wasihesabu kitu chao?

Na hapo hapo, ofisi ya kanisa hapa Kawangware ilikuwa imepewa kompyuta. Moja tu. Mnaikumbuka, ile iliyokuwa ikifunikwa kitambaa kama kochi la wageni. Karani wa ofisi, mama mpole lakini asiyependa mchezo, alinionyesha programu moja ya majedwali. Ukiifungua unaona karatasi kubwa kwenye kioo, imejaa vijisanduku. Unaandika nambari ndani ya vijisanduku, unaiambia ijumlishe, itafute wastani, ikuchoree grafu. Ukibadilisha nambari moja tu, hesabu yote inajirekebisha yenyewe. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilicheka kwa sauti, mtu mzima mimi. Nikamwomba ruhusa ya kuleta wanafunzi Jumamosi, akakubali, bora wanawe mikono.

Maswali waliyatunga watoto wenyewe. Asubuhi mnakunywa nini? Maji mnateka wapi? Mko wangapi nyumbani? Kila mmoja aende kwenye ploti yao, pale kwenye vyumba vya kupanga, awaulize majirani, aandike majibu, alete. Wazazi sikuwaita wala sikuwaambia. Ni hesabu tu, nilijiambia.

Ndugu zangu, nawaambia, Jumamosi zile za kwanza nilikuwa na furaha ambayo nilidhani nimeshaizika. Watoto walikuja kwa miguu kutoka Kibera, wakagombania kubonyeza. Siku moja kijana mmoja akaniita, uso umekunjamana: "Ticha, hii kompyuta inasema kila nyumba ina watu watano na nusu. Huyo nusu analala wapi?"

Darasa zima likaanguka kicheko. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyechanganya tena wastani na kitu kingine. Walielewa kwamba wastani si mtu, ni njia ya kuwasema watu wengi kwa mara moja.

Halafu ikaja asubuhi ile.

Nilipokaribia shule niliona watu wamejaa mlangoni. Wazazi, na wengine sikuwajua. Nikafikiri mtoto ameumia, nikakimbia. Kumbe walikuwa wananingoja mimi. Aliyekuwa mbele ni mama anayeuza mandazi karibu na shule, ambaye binti yake ni mwanafunzi wangu. Kila siku tulisalimiana. Siku hiyo hakunisalimia.

"Wewe mwalimu, nani amekutuma?"

"Nimetumwa wapi, mama?"

"Mtoto wangu anaingia kwa nyumba za watu na kalamu, anauliza tuko wangapi. Unatuhesabu wa nini?"

Nikaanza kueleza habari za takwimu, za kompyuta. Nilipotaja kompyuta ya Kawangware ndipo nilipojimaliza. Mwanamume mmoja mwenye kofia akapaza sauti: "Mmesikia? Majina yetu yako Kawangware! Huyu si wa huku. Jioni anaenda zake kwake. Hizi nyumba zikibomolewa, yake itakuwa imesimama."

Majina hatukuandika, lakini nani angenisikiliza? Walishaanza kuingia darasani, kila mzazi anavuta mtoto wake kwa mkono. Mtu akanishika ukosi wa sweta akanitikisa, vifungo vikaruka. Jiwe likagonga paa, na ndani ya mabati mnajua jiwe linavyolia. Watoto wakapiga mayowe. Mwalimu mkuu, mzee wa watu, akaja akasimama kati yangu na wao. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nenda nyumbani, dada. Nitakuita."

Nikatembea kurudi. Nilipofika Ngong Road kifua kikanibana, pumzi ikakataa kuingia, moyo unakwenda mbio kama unataka kutoka. Nikakaa chini kando ya barabara kwenye vumbi. Nilijua nakufa. Wapita njia wakanizunguka, na kila aliyeinama kunitazama nilimwona ni mmoja wao amenifuata.

Sikufa, mnaniona. Lakini kilichonipata pale kilinifuata nyumbani. Daktari alinipima akasema moyo ni mzima. Mzima! Na mimi mlango ukigongwa najibana kimya nyuma ya pazia kama mwizi ndani ya chumba changu mwenyewe. Nikisikia viatu vinapita kwenye ploti, mikono inalowa jasho. Nikaacha kwenda sokoni, jirani akawa ananiletea mboga. Kuna shule jirani na kwetu, na watoto wale wakiimba jedwali la kuzidisha, mimi nafunga dirisha na joto lote lile. Mwalimu mkuu alikuja kuniambia watoto wamerudi, wazazi wametulia kidogo, darasa la saba limeshikwa na mwalimu mwingine kwa muda. "Na wewe je?" akaniuliza. Nikamwambia nina malaria. Aliniangalia, akasema malaria ipone haraka, akaenda.

Karani wa kanisa ndiye aliyenileta kwenye kikundi hiki cha kufarijiana. Hakunibembeleza. Alikuja, akaketi, akanyamaza mpaka nikachoka na ukimya wake nikaanza kusema mwenyewe. Alhamisi iliyofuata akanishika mkono tukaja. Nilikaa pale karibu na mlango, na sikusema neno. Mlioniacha ninyamaze, asanteni. Hamjui mlinifanyia nini.

Siku moja mchana mlango ukagongwa. Nikajibana nyuma ya pazia, kama kawaida.

"Mwalimu, ni mimi, mama wa mandazi. Mwalimu mkuu amenielekeza. Najua uko ndani, redio inasikika."

Nikaizima redio. Nikafikiri, wamejua ninapokaa. Nikachungulia: alikuwa peke yake, amebeba kiondo, amechoka kwa kutembea. Sijui ni nini kilichonifanya nifungue. Akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, maana kiti kimoja tu nilichokuwa nacho kilikuwa na nguo.

"Mimi kabla ya Kibera nilikuwa naishi mahali pengine hapa hapa Nairobi," akaanza, bila hata salamu. "Walikuja vijana wa heshima, na kalamu, wakauliza, mama, mko wangapi nyumbani? Nikawajibu. Nikawapa na chai. Haikupita muda tingatinga likaja. Nilikuwa sokoni. Niliporudi sikuweza hata kutambua ni wapi palikuwa mlango wangu."

Akaweka kiondo chini.

"Sasa mimi natoka nyumbani, namkuta mtoto wangu, wangu wa kuzaa, amesimama kwa mlango wa jirani na kalamu. Anauliza maneno yale yale."

"Mbona hukuniambia hivyo siku ile?"

"Ungenisikia? Hata mimi sikuwa najisikia."

Tukaangaliana. Nilikuwa nimezoea kudhani hofu ni yangu peke yangu. Na huyu mama aliyeniletea hofu, mwenyewe alikuwa amejaa hofu tele.

"Sikukuja kuomba msamaha," akasema. "Nimekuja kukuita. Binti yangu amegoma, hataki hesabu za yule mwalimu mwingine. Kuja utuambie wazazi uso kwa uso, hiyo hesabu ni ya nini. Usipokuja tutajua tulikuwa sawa."

Nikamwambia nitakuja. Alipotoka nikaweka komeo mlangoni.

Siku ya mkutano nilikwenda na karani. Njiani nilisimama mara kwa mara nikamwambia turudi, naye kila mara akasema, "Tupumzike kidogo, halafu tutaona." Tulipofika, wazazi walikuwa wameketi kwenye madawati ya watoto, na wanafunzi wamesimama kando ya ukuta. Nikasimama mbele, nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Chaki mkononi inatetemeka mpaka unga unadondoka kwenye viatu.

Yule mwanamume wa kofia akasema, "Kama hana la kuficha, anatetemeka nini?"

Alisema kweli. Nikageuka niangalie mlango. Nawaambia ukweli, nilikuwa nakwenda. Lakini mlangoni alikuwa amesimama binti wa mama wa mandazi, na nilipomwona, maneno yakatoka yenyewe. Nikampa chaki.

"Yale maswali," nikamwambia. "Niulize mimi."

Akamtazama mama yake. Mama akaitikia kwa kichwa, muulize. Msichana akaenda ubaoni.

"Ticha, asubuhi unakunywa nini?"

"Strungi. Maziwa ni Jumapili."

Watu wakacheka kidogo. Chai kavu wanaijua.

"Maji unateka wapi?"

"Mfereji wa ploti, yakiwepo. Yasipokuwepo nanunua kama nyinyi."

"Mko wangapi nyumbani?"

Hapo nikakwama. Ndugu zangu, swali hilo nilikuwa nimewatuma watoto kuliuliza mlango kwa mlango, na mimi mwenyewe hakuna aliyewahi kuniuliza. Sikujua kwamba lina uzito hivyo. Nikaiangalia pete yangu.

"Mmoja," nikasema. "Niko peke yangu. Mume wangu alifariki."

Yule mwanamume akavua kofia akaiweka kwenye goti. Mama mmoja nyuma akasema, "Pole, mwalimu." Msichana alikuwa ameinua chaki, lakini hakuandika. Akanigeukia, akauliza polepole, "Niandike, ticha?"

Swali hilo la kuomba ruhusa sikuwa nimewafundisha. Kwenye kitabu halimo.

"Andika," nikamwambia. Akaandika moja, na mimi nikalia mbele ya wazazi wote, na sikufa.

Baada ya hapo tuliongea kama watu. Wazazi wakaweka masharti yao. Mtoto asiulize kitu kabla hajasema ni kazi ya shule. Asiandike kabla hajaambiwa andika. Na mzazi anayetaka kuiona hiyo kompyuta, mlango uwe wazi. Jumamosi nilidhani hatakuja mtu. Akaja yule mwanamume, na kofia yake. Akaketi, nikamwonyesha kijisanduku, akaandika idadi ya watu wa nyumbani kwake kwa kidole kimoja. Wastani ukabadilika.

"Kumbe ni mimi nimeibadilisha?"

"Ni wewe."

"Nikitaka kutoka?"

Nikamwonyesha pa kubonyeza. Akafuta. Akaangalia nambari ikirudi ilivyokuwa, akafikiri, kisha akaiandika tena. "Niache humo," akasema.

Sitawadanganya kwamba wote walirudi. Kuna familia zilizohamisha watoto, na hadi leo tukikutana wanavuka upande wa pili. Sina kinyongo, na siwezi kuwaapia kwamba tingatinga halitakuja. Hofu yangu nayo haijahama. Imepungua, inakuja inakwenda, na nimejifunza kufanya kazi nayo ikiwa imeketi kando yangu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwalimu mkuu aliyesimama kati yangu na mawe, na ambaye hakunifukuza kwa malaria yangu ya uongo. Namshukuru karani, kwa ule ukimya na kwa yale mapumziko ya njiani. Nawashukuru nyinyi wa Alhamisi. Na namshukuru mama aliyetembea kutoka Kibera kuja kugonga mlango wangu. Ungeweza kuniacha, mama. Hakuna ambaye angekulaumu.

Nililojifunza ni hili, na nawapa mlichukue kama litawafaa. Unapomwuliza mtu habari za nyumbani kwake, jua kwamba unagusa mahali panapouma, hata kama kwako ni hesabu tu. Mwambie unataka nini. Mngoje akuruhusu. Na uwe tayari kuulizwa wewe vilevile.

Nimemaliza, ndugu zangu. Aliye na swali aniulize, nitamjibu.