Sikugawiwa Pamoja na Nguo

Krii, krii, krii. Ngazi ya mbao ililia chini ya viatu ninavyovijua. Asifiwe Bwana, ndugu zangu, aliyenisimamisha mbele yenu leo! Mume wangu Charo alikuwa na mwezi tu kaburini, na viatu vyake vilikuwa vinapanda kwangu, orofani, pale mtaani Kuze. Moyo wangu mjinga uliruka. Nikakimbia kufungua.

Alikuwa Katana, mdogo wake, na mfuko wa nguo begani.

Ndugu zangu, desturi mnaijua. Matanga yakiisha, nguo za marehemu hugawiwa jamaa. Katana alipewa viatu, na wazee wa ukoo wakamwambia nami nimo humo humo. Kama shati! Nani aliniuliza? Na wapo kati yenu, tena viti vya mbele, mliokula pilau ya matanga kwangu mkaninong'oneza, "Kubali, dada, bado u kijana." Nawaambia leo: mlinikosea!

Nilikataa. Katana akacheka. "Shemeji, acha maringo. Ukinikataa, mtoto namchukua, naenda naye kwetu Kaloleni." Akajilaza kwenye kitanda cha kaka yake, viatu miguuni. Binti yangu akanishika kanga. Nikamlilia Bwana kwa hasira: umemchukua Charo, na hili nalo?

Mavyaa, mama yao, alikuwa jikoni. Tangu mazishi alikaa kwangu na hakuwa amenisemesha neno. Nilimwogopa kuliko Katana. Akatoka akishika ukuta.

"Nyanyuka hapo!"

"Mama, hii ni mila..."

"Mila nazijua tangu kabla sijakuzaa! Mwanangu nimemzika. Wewe si yeye. Na huyu si sahani, mkapokezana. Mjukuu wangu hatoki hapa!"

Siku hiyo ndipo mimi na mavyaa tulipolia pamoja, tukilitaja jina la Charo kwa sauti. Leo nakaanga tena mahamri yangu ya kuuza, naye anakanda unga. Huzuni ipo, lakini haitutenganishi.

Wewe uliyefiwa, unayebanwa na ukoo, mwamini Bwana! Mlilie hata kwa ghadhabu, hatakufukuza. Namshukuru kwa jibu alilonipa: mama mzee, miguu imevimba, akimsukuma mwanawe wa pekee aliyebaki hadi ngazini, kisha akaufunga mlango nyuma yake.